Mjusi wa Tendaguru na Dai kwamba Dinosaria ni wa Ugenini

Kuna dai lililokita mizizi magharibi mwa Kenya, na hasa katika miji ya Kitale na Bungoma na mashamba yanayoizunguka, kiasi kwamba ni nadra kumsikia mtu akilihoji: kwamba dinosaria, yaani wale watambaazi wa kale walioishi nchi kavu kwa zaidi ya miaka milioni 160 kabla ya kutoweka miaka milioni 66 iliyopita na kuacha ndege kuwa uzao wao wa pekee, ni habari ya ughaibuni. Wengi huwaona kuwa viumbe wa filamu za Marekani, na hata msomi anayekubali kwamba walikuwapo kweli huwa mwepesi wa kuongeza kwamba waliishi kwingine, wakagunduliwa na watu wengine, na wanawahusu hao wengine. Makala hii inashikilia kwamba dai hilo halina msingi katika sehemu yake yoyote, na kwamba lina historia inayoweza kufuatwa hatua kwa hatua, kuanzia kilima cha Tendaguru kusini mwa Tanzania hadi ukumbi mmoja wa makumbusho jijini Berlin.

Mnyama anayestahili kutangulizwa katika mjadala huu ni yule ambaye Watanzania humwita mjusi wa Tendaguru na ambaye jina lake la kisayansi ni Giraffatitan brancai. Aliishi mwishoni mwa kipindi cha Jurasi, ambacho ni cha kati katika vipindi vitatu vya enzi ya dinosaria, takriban miaka milioni 150 iliyopita, katika nyanda za pwani ambazo leo zimo katika Mkoa wa Lindi. Alikuwa wa kundi la sauropodi, jina linalowajumuisha dinosaria wala-mimea waliotembea kwa miguu minne minene, wenye kichwa kidogo, mkia mrefu na shingo ambayo hakuna mnyama mwingine wa nchi kavu aliyewahi kuikaribia kwa urefu. Kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia alifika mita 22 hivi, na kwa kuwa miguu yake ya mbele ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma, mgongo wake uliteremka kuelekea mkiani huku shingo ikipanda juu. Mfupa mmoja tu, ule wa kutoka begani hadi kwenye kiwiko, una urefu wa mita 2.13, ambao ni zaidi ya kimo cha mtu mrefu. Uzito wake umekadiriwa kwa njia mbalimbali, na makadirio ya zamani yaliyofika tani 78 yameachwa, kwa sababu imebainika kwamba pingili za shingo na mgongo zilikuwa na vyumba vya hewa vilivyozipunguzia uzito, hivi kwamba wataalamu wengi wa sasa hutaja kiasi cha kati ya tani 23 na 40. Kiunzi chake kilichosimamishwa Berlin kina kimo cha mita 13.27, na hakuna kiunzi kingine cha dinosaria duniani kilichosimamishwa kwa mifupa halisi kinachokipita kwa kimo. Aliyezoea kuamini kwamba ukubwa wa dinosaria ni sifa ya Marekani anapaswa kuanza kwa kuutazama mnyama huyu wa Lindi.

Pengine atajitetea kwa kusema kwamba mnyama wa namna hiyo alijulikana kwanza Marekani na kwamba yule wa Tendaguru ni tawi lake tu. Utetezi huo una chanzo cha kweli, na ndiyo maana umedumu. Mwaka 1900 Elmer Riggs wa makumbusho ya Field jijini Chicago alifukua katika jimbo la Colorado mifupa ya sauropodi mkubwa, na mwaka 1903 akampa jina Brachiosaurus altithorax. Mwaka 1914 Werner Janensch wa Berlin, alipokuwa akieleza mifupa ya Tendaguru, aliona mifanano kadhaa na akamweka mnyama wa Afrika chini ya jina hilohilo la jenasi, yaani kundi linalokusanya spishi zilizo karibu sana kiukoo, akimtofautisha kwa jina la spishi tu, brancai, kwa heshima ya Wilhelm von Branca aliyekuwa mkurugenzi wake. Tangu hapo, kwa miongo mingi, mnyama wa Lindi alisomwa kama ndugu mdogo wa mnyama wa Colorado. Ni mwaka 1988 tu ambapo Gregory Paul alipendekeza jina la Giraffatitan litumike kumtenga, na mwaka 2009 Michael Taylor, akiilinganisha mifupa ya wanyama hao wawili mmoja baada ya mwingine, alionyesha tofauti 26 zinazotosha kuwagawa katika jenasi mbili.

Jambo linalosahauliwa ni lile lililotokea katikati ya miaka hiyo. Mifupa ya Riggs haikuwa na fuvu wala shingo, ilhali Tendaguru ilitoa fuvu, pingili za shingo, miguu na mkia, kutokana na wanyama kadhaa. Kwa hiyo kila mchoraji na mwanasayansi aliyetaka kumwonyesha Brachiosaurus akiwa mzima alilazimika kuazima mwili wa mnyama wa Tanganyika, hata akiendelea kumwita kwa jina la mnyama wa Marekani. Yule mrefu anayewastaajabisha watazamaji mwanzoni mwa filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993, ambaye mtoto wa Kimilili au Endebess humtaja kama ushahidi kwamba dinosaria ni wa Wamarekani, umbo lake linategemea kwa sehemu kubwa mifupa iliyobebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi wa Afrika Mashariki. Si haki mnyama avuliwe asili yake kwa sababu ya jina alilopewa na watu waliokuwa na haraka ya kuoanisha.

Sehemu ya pili ya dai, kwamba dinosaria waligunduliwa na Wazungu na hivyo elimu yao ni mali ya Wazungu, inahitaji kujibiwa kwa kina zaidi, kwa kuwa hata vitabu vizuri huirudia. Husemwa kwamba mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Wilhelm Sattler aligundua mifupa ya Tendaguru. Ukweli ulioandikwa na Wajerumani wenyewe ni kwamba alikuwa safarini kuelekea upande wa mto Mbemkuru, na wafanyakazi wake wa kienyeji ndio waliomwonyesha mafupa makubwa yaliyokuwa yakijitokeza ardhini karibu na kilima ambacho Wamwera, wenyeji wa hapo, walikuwa wamekipa jina lake zamani. Mtu anayeonyeshwa kitu hakigundui; anapokea habari. Mwaka 1907 mtaalamu Eberhard Fraas alifika kukagua, na kati ya mwaka 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yakaendesha ufukuaji mkubwa, ulioongozwa kwanza na Janensch na Edwin Hennig na baadaye na Hans Reck. Kufikia mwaka 1911 na 1912 waliokuwa wakichimba, kusafisha na kubeba walikaribia watu 500, na takriban wote walikuwa Waafrika. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilifungwa kwa udongo, plasta na mianzi, zikabebwa na watu kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo.

Haitoshi kuwataja watu hao kama nguvu za mikono tu. Kuufukua mfupa uliogeuka jiwe ni kazi ya maarifa: mfukuaji hulazimika kutambua mahali ambapo mfupa unaishia na mwamba unaanzia, kuuacha udongo uutegemeze hadi dakika ya mwisho, kuupaka na kuufunga usije ukapasuka, na kuweka alama zitakazomwezesha mtu aliye maelfu ya kilomita mbali kuurudisha kila mfupa mahali pake. Wasimamizi wa kazi hiyo, waliokuwa na jukumu la kufundisha wengine na kuamua pa kuchimba, walikuwa Waafrika, na mkuu wao alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye Wajerumani walimtegemea kwa kiwango walichokikiri katika maandishi yao. Uwanjani baadhi ya machimbo na wanyama waliofukuliwa waliitwa kwa muda majina yaliyotokana na watu wa hapo, kama Salimu na jumbe Mtapaia, lakini majina yalipofika katika vitabu vya Berlin hayakuchapishwa kuwa majina rasmi, na nafasi ikachukuliwa na wakurugenzi na wafadhili. Ilichukua hadi mwaka 2007 kwa Kristian Remes kumpa sauropodi mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii, na hadi mwaka 2019 kwa mwingine kuitwa Wamweracaudia keranjei, jina linalowakumbuka Wamwera pamoja na Mohammadi Keranje, mmoja wa waliohusika na ufukuaji wa mifupa yake. Karne nzima ilipita kati ya kazi na shukrani, na katika karne hiyo ndipo dai kwamba dinosaria ni elimu ya Wazungu lilipopata nafasi ya kukua bila kupingwa.

Tena kazi hiyo haikufanyika katika nchi iliyotulia. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 na kuzimwa mwaka 1907 kwa kuchoma vijiji na akiba za chakula, vilikuwa vimeiacha kusini mwa Tanganyika katika njaa na vifo vingi, na wachimbaji wengi wa Tendaguru walikuwa watu waliotoka katika maangamizi hayo na ambao walihitaji ujira ili kulipa kodi na kuishi. Sheria za kikoloni ziliihesabu ardhi isiyokuwa na hati kuwa mali ya serikali ya Ujerumani, na kwa njia hiyo mifupa ilitoka bila mwenye nchi kuulizwa. Wanaosema kwamba angalau ilihifadhiwa huko wanapaswa kukumbuka kwamba bawa la mashariki la makumbusho ya Berlin lilibomolewa kwa mabomu mwaka 1945, na sehemu ya mifupa ya Tendaguru ikapotea humo. Wabunge wa Tanzania wamelileta suala la mjusi huyo bungeni zaidi ya mara moja, na rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi mjini Songea mwezi Novemba mwaka 2023 kwa ukatili wa vita vya Maji Maji. Msomaji wa Bungoma anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu kurudishwa kwa kiunzi hicho. Asichoweza kufanya kwa haki ni kuutazama mjadala huo kama ugomvi wa mbali baina ya Lindi na Berlin, kisha aendelee kuwafundisha watoto kwamba Afrika Mashariki haina dinosaria.

Kwa Mkenya kuna kiungo kingine ambacho hutajwa mara chache. Wajerumani walipoondoka, makumbusho ya Uingereza yalituma msafara wake Tendaguru mwaka 1924, chini ya William Cutler, na msaidizi wake alikuwa kijana aliyezaliwa Kabete mwaka 1903, Louis Leakey. Cutler alikufa kwa malaria Lindi mwaka 1925. Leakey alirudi na ujuzi wa kufukua alioupata huko, akautumia maisha yake yote kutafuta asili ya binadamu. Hans Reck naye, mwaka 1913, alitoka katika kazi ya Tendaguru akaenda kuchimba Olduvai, na mwaka 1931 alirejea Olduvai akiwa na Leakey huyohuyo. Kwa hiyo ule utafiti wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, ambao Kenya hujivunia mbele ya ulimwengu kwa ajili ya mabaki ya binadamu wa kale, ulipitia shule ya dinosaria wa Lindi. Mtu anayesherehekea kijana wa Turkana, yule aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka 1984, halafu akasema dinosaria hawamhusu, anasherehekea tunda huku akiukana mti uliolizaa.

Inabaki sehemu ya dai ambayo huonekana ngumu kuliko zote, yaani kwamba Kitale na Bungoma hakujapatikana hata mfupa mmoja wa dinosaria. Hilo ni kweli, na ukweli huo ukielezwa vizuri hulivunja dai badala ya kuliunga mkono. Visukuku huhifadhiwa hasa katika miamba ya mashapo, ile inayoundwa na matope, mchanga na chokaa vinavyotua tabaka juu ya tabaka katika mito, maziwa na bahari, na kuwafunika viumbe waliokufa kabla hawajaoza na kusambaa. Miamba inayotawala Bungoma ni matale na mingine ya kale sana iliyotokana na uyeyuko wa ndani ya ardhi, na ile ya Kitale na vilima vya Cherangani ni miamba geu, yaani iliyobadilishwa na joto na mgandamizo mkubwa chini ya milima ambayo imekwisha kumomonyoka. Miamba hiyo yote ilikuwapo mamia ya mamilioni ya miaka kabla ya sauropodi wa kwanza kuzaliwa. Anayetafuta dinosaria katika jabali ambalo mto Nzoia hulipasua karibu na Webuye anatafuta mjukuu katika kaburi la babu wa babu.

Upande wa pili uko Mlima Elgon, ambao miamba yake ni michanga mno. Volkeno hiyo ilianza kumwaga lava na majivu zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, wakati dinosaria walikuwa wametoweka kwa zaidi ya miaka milioni 40. Majivu yake yamehifadhi viumbe wengi: huko Bukwa, kwenye mteremko wa upande wa Uganda, kumepatikana mabaki ya mamalia wa kati ya miaka milioni 19 na 22 iliyopita, na katika kuta za mapango ya mlima huo kuna magogo ya miti yaliyogeuka mawe. Kati ya miamba hiyo mikongwe na miamba hii michanga, kurasa za kipindi cha Jurasi hazipo, kwa sababu sehemu hii ya bara ilikuwa nchi ya juu iliyokuwa ikimomonywa na mvua na mito badala ya kupokea mashapo. Kurasa hizo zipo Kenya, lakini ziko pwani, katika miamba ya Mombasa yenye amonaiti, wanyama wa baharini wenye magamba yaliyojikunja, walioishi katika bahari ileile iliyopakana na nyanda za Tendaguru. Kutokuwapo kwa mfupa kunaeleza kilichotokea kwa mwamba, na hakusemi lolote kuhusu kama mnyama alipita au hakupita. Wakati huo Afrika ilikuwa bado imeshikana na Amerika ya Kusini, na hakukuwa na bonde la ufa la kumzuia mnyama wa nchi kavu kwenda bara. Hakuna anayeweza kuapa kwamba sauropodi walilisha mahali ambapo leo ni Saboti au Sirisia, wala hakuna hoja ya kisayansi inayowafukuza hapo.

Papo hapo huibuka swali linaloulizwa kwa nia njema na watu wengi wa makanisa ya maeneo hayo: nani alikuwapo akaihesabu miaka hiyo? Swali hilo linastahili jibu kamili kuliko dharau ambayo mara nyingi hupewa. Miamba ya volkeno ina potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hubadilika polepole kuwa gesi ya argoni kwa mwendo usiobadilishwa na joto la kawaida wala na mvua, hivi kwamba nusu yake huisha kwa takriban miaka milioni 1,250. Lava inapoganda gesi ya zamani huwa imetoka, na hesabu huanza upya. Mpimaji akijua potasiamu iliyobaki na argoni iliyozaliwa, anajua muda uliopita. Hivyo ndivyo umri wa lava nyingi za Afrika Mashariki ulivyopatikana. Mifupa ya Tendaguru haikulazwa katika lava, kwa hiyo umri wake hutokana na njia nyingine: kati ya matabaka yenye dinosaria mna matabaka ya bahari yenye amonaiti na kombe ambao huonekana kwa mpangilio uleule katika nchi nyingine, zikiwamo zile ambako miamba ya jirani imepimwa kwa njia ya mionzi. Njia hizo mbili hukaguana. Mkulima wa Trans Nzoia anayejua kwamba udongo mwekundu wa miteremko ya Elgon hutokana na mwamba uliooza kwa muda mrefu tayari anakubali kanuni iliyo chini ya hesabu hiyo, hata kama hajawahi kuiita kwa jina.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayowakataza wengine kwenda mbali upande wa pili, kwa kudai kwamba joka kubwa aliloua shujaa Mango katika masimulizi ya Wabukusu kuhusu chanzo cha tohara ni kumbukumbu ya dinosaria. Binadamu wa aina ya leo ana umri wa takriban miaka 300,000, na baina yake na dinosaria wa mwisho kuna zaidi ya miaka milioni 65 isiyo na mtu. Masimulizi ya Mango yana heshima yake kama historia ya ujasiri na ya mila, na kuyageuza kuwa ripoti ya wanyama wa kale ni kuyadhulumu, kama ambavyo ni kuidhulumu sayansi kuitegemeza kwa kisa ambacho haikihitaji.

Kuhusu maisha ya mnyama mwenyewe, watu wa Kitale wana mahali pa kulinganishia ambapo wasomi wa Berlin hawana. Tembo wa Mlima Elgon, wale wanaoingia katika giza la pango la Kitum kuchimba kwa pembe mwamba wenye chumvi, hula majani na magome kwa wingi na huyasaga kwa magego makubwa ambayo huchakaa na kubadilishwa mara kadhaa maishani. Kusaga kunahitaji magego, magego yanahitaji taya nzito, taya nzito inahitaji kichwa kizito, na kichwa kizito hakiwezi kubebwa kwenye ncha ya shingo ya mita nane au tisa. Sauropodi waliifuata njia tofauti. Giraffatitan alikuwa na meno yenye umbo la kijiko ya kung'olea matawi na majani ya misonobari ya kale, mikangaga na mimea mingine isiyotoa maua, naye aliyameza bila kuyatafuna, kisha tumbo kubwa likafanya kazi ya kuyachachusha kwa muda mrefu. Ndiyo maana kichwa chake kilikuwa kidogo, na ndiyo maana shingo yake iliweza kurefuka. Filamu zinazomwonyesha akitafuna kama ng'ombe zinakosea, kama walivyokosea wataalamu wa zamani waliodhani kwamba mnyama mzito namna hiyo aliishi majini akichomoza pua tu; mwaka 1951 Kenneth Kermack alionyesha kwamba mgandamizo wa maji katika kina hicho ungemzuia kuvuta pumzi. Mwanafunzi aliyemwona tembo wa Elgon na kuelezwa kwa nini kichwa cha tembo ni kizito ameshapata nusu ya somo la sauropodi, na somo hilo hakuna anayempa, kwa kuwa dai la ugeni limekwisha kuamua kwamba halimfai.

Wapo watakaosema kwamba hata hayo yote yakikubaliwa, hakuna mahali pa kuyafundishia. Kitale ina makavazi yaliyoanzishwa mwaka 1926 na Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya wadudu, ndege, vitabu na vifaa vya wenyeji hadi kifo chake mwaka 1966, na mwaka 1974 mkusanyo wake ukawa msingi wa makavazi ya kwanza ya umma kufunguliwa katika bara la Kenya nje ya Nairobi. Taasisi iliyojengwa juu ya shauku ya mtu mmoja kwa vipepeo inaweza kabisa kubeba nakala ya plasta ya mfupa wa mita 2.13 kutoka Tendaguru, na kuuwekea maelezo kwa Kiswahili yanayomtaja Boheti bin Amrani kabla ya kumtaja von Branca. Gharama ya nakala moja si hoja ya kuzinyima kaunti mbili elimu hiyo, na makumbusho ya Berlin, ambayo hushikilia mifupa yenyewe, yana wajibu wa kuitoa nakala hiyo bila malipo.

Tena Kenya ina dinosaria wake wenye shingo ndefu. Katika milima ya Lapurr karibu na Lokitaung, kaskazini-magharibi mwa Ziwa Turkana, kuna mchanga uliogeuka mwamba wa kipindi cha Kretasi, kile kilichofuata Jurasi, ambamo mifupa ya dinosaria iliripotiwa katika karne ya 20, na ambamo tangu mwaka 2004 watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, akiwamo Fredrick Kyalo Manthi, wakishirikiana na wenzao wa Utah, Marekani, wamekusanya mabaki ya dinosaria wala-nyama na ya sauropodi wa jamii ya titanosauri. Wanyama hao walikuwa wachanga kuliko mjusi wa Tendaguru kwa makumi ya mamilioni ya miaka, lakini walikuwa wa ukoo uleule mpana wa shingo ndefu, na miamba yao iko ndani ya mipaka ya Kenya, katika kaunti ambayo barabara yake kuu ya kwenda Nairobi hutoka Lodwar, hupitia Kapenguria, kisha huingia Kitale.